Siku Babu Sufuria Alipoingia Mjini

Wiki mbili baada ya sisi kumzika Nekesa, binti yake Naliaka alinipigia simu. Nilidhani anataka kulia, nikapunguza moto jikoni na kukaa kitako nimsikilize vizuri. Kumbe anataka kunigombeza. "Anti Zuhura, ulinidanganya," akaniambia, tena kwa ile sauti yake ya ofisini Parramatta, sauti ya mtu mwenye ushahidi mezani. Eti likizo hii ya msiba haina la kufanya, basi ameingia kwenye mtandao kuitafuta ile tamthilia ya zamani ya makauboi tuliyokuwa tukiitazama Lidcombe, akatafuta mpaka akakipata kipande kile ambamo Babu Sufuria anaingia mjini kwa mara ya kwanza. Amekitazama mara tatu. Kwanza, mtu huyo haitwi Babu Sufuria. Pili, yale maneno yote matamu anayomkumbuka nayo, hata moja hakulitamka. Aliuliza tu maji ya kumnywesha punda wake yako wapi, basi. Nikamwambia mwanangu, hayo mimi nayajua tangu siku ile ile, wewe ndiye uliyechelewa. Akacheka sana, na kicheko kilipoisha ndipo akalia, nami nikalia, na mchuzi wangu ukaungua chini.

Sitaanza na Tanga wala na watu wangu. Hao wana mengi, na nikiwapa nafasi hawataondoka. Nataka mwaka mmoja tu, ule nilipokuwa mwanafunzi ughaibuni, Parramatta, nikapanga chumba kwa Nekesa pale Lidcombe, ghorofa ya pili, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita vikombe vinagongana kabatini. Nekesa alikuwa muuguzi, Mkenya wa Bungoma, kanizidi miaka minane na maarifa yote: jinsi ya kumgeuza mgonjwa kitandani bila kuumia mgongo, duka gani Auburn lina unga wa mahindi usionuka, treni ipi haisimami kila kituo. Sebuleni kulikuwa na kochi la rangi ya kahawia na televisheni tuliyoiokota mtaani siku ya watu kutoa vyombo vyao nje. Tuliibeba wawili, mimi na ushungi wangu, yeye na yunifomu yake, tukipumzika kila nguzo ya taa na kulaumiana nani kaiachia upande wake. Picha yake ilikuwa na mstari wa kijani upande wa kushoto, lakini sauti ilikuwa safi. Mimi siku za wiki nilirudi kutoka chuoni mapema, na Jumamosi na Jumapili asubuhi nilikwenda kuwaogesha wazee kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee huko Rooty Hill.

Mwezi wa tisa mwaka ule, Naliaka akaja. Alikuwa na miaka kumi. Nekesa alimwacha kwa bibi yake akiwa na mitano, na miaka mitano mingine ikapita katika fomu, barua, vipimo vya afya na ahadi za viza. Uwanja wa ndege Nekesa alivaa gauni lililokuwa limening'inia kabatini likisubiri siku hiyo tu. Mtoto akatoka na sanduku lake, akatutazama sote wawili, akampa Nekesa mkono kwa adabu kama anavyopewa mkono mwalimu mgeni, akasema, "Habari, Anti." Kisha akanipa mimi mkono, "Habari, Anti." Sote anti. Kwenye treni Nekesa alitazama dirishani njia nzima, na mimi, mdomo wangu usiojua kutulia, nikaeleza majina ya stesheni moja baada ya nyingine kama nimeajiriwa.

Kosa la kwanza nililifanya mimi, usiku uo huo, wakati wa chakula. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la kuzaliwa linawekwa kando, anaitwa kwa mwanawe. Kumwita vinginevyo ni kama kumnyang'anya kitu. Basi nikafurahi kwamba hatimaye naweza kumpa Nekesa heshima yake, nikasema kwa sauti ya kutosha, "Mama Naliaka, niongeze mboga." Mtoto akaliweka chini tonge lake. Akasema taratibu, bila ujeuri wowote, "Mama Naliaka yuko Bungoma." Alimaanisha bibi yake, ambaye ndiye aliyemlea na ndiye aliyemwita Mama. Nekesa akaniongeza mboga. Kuanzia kesho yake nikarudi kumwita Nekesa, na kila nilipolitamka jina hilo niliona aibu.

Bibi mwenyewe hakuwa mtu wa fitina, sharti niseme. Alimpenda binti yake. Lakini alimwambia kwa simu, mbele yetu, kwamba mtoto si mzigo wa kusukumiwa mtu: mkae naye mpaka Krismasi, moyo wake ukikataa, nirudishie, usinivunjie mtoto. Nekesa akakubali, na alikuwa mtu wa kutimiza neno. Kwa hiyo sote watatu tulijua siku inakuja. Naliaka hakuzitoa nguo zake kwenye sanduku. Kila asubuhi alitoa anayovaa, na jioni baada ya kufua aliikunja akairudisha mahali pake. Alilala kwenye kochi, akikataa kitanda alichonunuliwa, akasema kule chumbani kuna joto, wakati bado tulikuwa tunawasha hita.

Nekesa alijaribu kila njia, na kadiri alivyojaribu ndivyo alivyokosea. Jumapili moja alipika kuku, akampa Naliaka firigisi, akamwekea juu ya ugali kabisa, mahali pa heshima. Mtoto akaitazama ile firigisi kama kawekewa chura. Akasema Mama amemfundisha kwamba hiyo ni ya wanaume, msichana haili. Mimi nilikuwa sijui kwamba Waluhya wana jambo hilo, nikamtazama Nekesa. Nekesa akasema nyumba hii haina mwanamume. Mtoto akajibu, basi iachwe. Ikaachwa, ikakauka kwenye sahani mpaka jioni, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuitupa. Nekesa aliniambia baadaye jikoni kwamba alikuwa anataka tu kumpa kilicho bora. Miaka mingi ya kula peke yake ilimsahaulisha kwamba kilicho bora kina mwenyewe.

Sasa televisheni. Naliaka akirudi kutoka shule, kama saa tisa na nusu, kulikuwa na chaneli moja iliyokuwa ikirudia vitu vya kale, na saa kumi walionyesha tamthilia ya makauboi. Alikaa akaitazama bila kuelewa neno, maana wale watu wanaongea kama wana kiazi cha moto mdomoni. Kiingereza chake cha shule kilikuwa kizuri kuliko changu, lakini hakikumfikisha popote, na mimi changu ndio usiseme. Ila mimi nilikuwa na kitu kingine. Kaka yangu Shabani alikuwa na kibanda cha video, na yeye ndiye aliyekuwa mtafsiri: anapunguza sauti ya picha, anashika kipaza sauti, anawafasiria watu kwa Kiswahili, yeye staringi, yeye jambazi, yeye farasi. Mimi niliuza karanga mlangoni, na koo lake likikauka nilishika kipaza nikaendeleza. Kibandani kuna sheria moja tu. Mtafsiri hasemi sijui. Umeelewa, hujaelewa, mdomo wa mtu ukifunguka kwenye kioo, wewe sema kitu, watu wamekuja kusikia.

Basi siku moja, kwa kuchoshwa na ule ukimya, nilichukua rimoti nikapunguza sauti, nikaanza. Kauboi mkuu, yule mwenye nyota kifuani, nikamwita Afande. Nikamfanya awakaripie walevi wa kilabu, nikamfanya farasi alalamike miguu. Naliaka hakugeuka kunitazama. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu, Afande anafungua mlango wa mahabusu, nikasikia kasauti kutoka upande wa pili wa kochi: "Huyo si Afande. Mwenye kituo anaitwa OCS." Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia bila kuulizwa. Nikamwomba radhi, nikasema Tanga hatukuwa na habari hiyo, na OCS akaendelea na kazi.

Babu Sufuria alikuja wiki ya sita. Nakumbuka mvua ilikuwa imenyesha, nguo za shule zimeanikwa juu ya viti, nyumba inanuka sabuni na kitunguu. Kwenye picha mji umetulia, mara sauti inasikika kutoka nje ya mji, kangara-kangara, kangara-kangara. Watu wakafunga madirisha. OCS akatoka barabarani, mkono kwenye bastola. Naliaka akapandisha miguu kwenye kochi. Vumbi likafunguka, na aliyetokea si jambazi, ni kizee kifupi juu ya punda, na huyo punda kafungiwa masufuria, mabirika, vikaango, kila upande, kofia ya mzee imeliwa nusu na ng'ombe. Punda akasimama, mzee akateleza mpaka chini kwa makalio, akajikung'uta, akavua ile kofia akafungua mdomo. Alichosema sikusikia hata herufi. Na mtoto, kwa mara ya kwanza, akanigeukia: "Anasema nini?"

Nilikuwa nimemsikia Nekesa mara nyingi akiongea na mama yake kwenye simu. Neno moja nililijua, lile la kwanza. Nikakaza sauti ya kizee nikasema, "Mulembe! Mulembe wote! Natafuta mahali pa kuinjika sufuria, moto ninao." Hiyo Mulembe ndiyo salamu yao. Naliaka alikodoa macho. Kisha akacheka, na si kucheka kwa heshima. Alicheka akaanguka upande, akashika tumbo, akalirudia lile neno, akacheka tena. Kauboi Mluhya! Alinitaka niseme tena, nami nikasema tena, na OCS akaambiwa ajibu salamu vizuri, na mji mzima ukajibu. Ningekuwa na kibanda changu siku ile ningejaza mpaka mtaa wa pili.

Nilipotoka na takataka baada ya kipindi, nilimkuta Nekesa amekaa kwenye ngazi, viatu mkononi. Alikuwa amebadilishana zamu ili awahi, akafika mlangoni, akasikia, akaogopa kuingia. Aliniambia kwamba mtoto amekaa kwake wiki sita na hakuwa anajua anachekanga hivyo. Nikamwambia basi twende ndani. Akakataa, akasema akiingia yeye kile kicheko kitakatika, bora akae hapo hapo. Ningekuwa na utu wa kutosha ningekaa naye kwenye ngazi. Lakini nasema ukweli, nilivimba kichwa. Wiki tatu nzima nilikuwa malkia wa nyumba ile. Mtoto alinikimbilia mimi, alinisimulia mimi habari za shule, na Babu Sufuria, ambaye waandishi wa picha waliona anapendwa wakamrudisha karibu kila siku, alizidi kuwa mwerevu mdomoni mwangu. Nekesa akiwa nyumbani alikaa jikoni akimenya viazi ambavyo hakuna aliyeviomba. Nilimwona, nikaendelea.

Kilichonitoa kiburi ni swali la mtoto mwenyewe. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja, tunakunja nguo, akaniuliza nikiwa na nafasi nitamtembelea Bungoma mwaka ujao, nimfasirie Mama na wenzake picha. Aliliuliza kwa furaha kabisa, huku anaipanga sketi yake kwenye sanduku. Hapo nikaelewa kwamba sikuwa nimesaidia kitu. Nilikuwa nimempa mgeni wetu kitu cha kupitishia muda mpaka siku ya ndege, na mwenye nyumba nimemfungia jikoni. Niliona haya mpaka masikio yakawa ya moto.

Kesho yake nikasema sauti imekwenda. Nilijifunga kitambaa shingoni, nikanong'ona, nikamwambia Nekesa, aliyekuwa na siku ya kupumzika, akae yeye. Akaruka, eti hajui mambo ya video. Nikamnong'oneza sheria ya kibandani: usiseme sijui, basi. Akakaa ukingoni mwa kochi, mikono magotini. Jamani, alikuwa mbaya. Alitafsiri kama anakabidhi zamu wodini: mwanamume, umri kama miaka sitini, ameingia mwenyewe bila kusaidiwa, kikohozi kipo, chakula amekula nusu. Naliaka alivumilia dakika tano, kisha akaanza kumsahihisha. Babu Sufuria hasemi hivyo. Babu Sufuria hawezi kula nusu. Nekesa akauliza, kwa hiyo angesemaje? Mtoto akamweleza, tena kwa ukali, na Nekesa akarudia, akakosea, akaelezwa upya. Sauti yangu, sijui kwa nini, ilichukua majuma matatu kupona. Nilikunywa tangawizi mbele yao ili waniamini.

Siku ninayotaka kuisema ilikuwa wiki ya Krismasi yenyewe, shule zimefungwa, joto limekaza, mapazia tumeyafunga. Kwenye picha Babu Sufuria anafika kwenye shamba moja mbali na mji. Anasimama getini. Mwanamke kijana anatoka barazani, anamtazama, hasogei. Yule mzee anavua kofia na kuanza kusema, maneno mengi kuliko kawaida yake. Nekesa akaikodolea picha macho. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni na kikombe changu. Naliaka akangoja, kisha akauliza, "Anasema nini?"

Nekesa akasema, "Anasema, niliondoka alfajiri ukiwa umelala. Sikukuamsha. Ungeniangalia singeweza kwenda."

Mtoto hakuondoa macho kwenye kioo. "Hajasema hivyo."

"Ndiyo. Hajasema."

Treni ikapita, vikombe vikagongana, ikaenda zake. Kisha Naliaka akasema, "Sikuwa nimelala. Mama aliniambia nikilia utakosa ndege. Nikafunga macho."

Nekesa akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Hakumkumbatia, na nadhani alifanya vizuri, maana mtoto alikuwa amekaa wima kabisa kama mtu anayebeba maji kichwani. Walikaa hivyo mpaka matangazo yakaja, wote wakitazama tangazo la magodoro, machozi ya Nekesa yakidondoka kwenye gauni bila kufutwa. Tangazo likaisha. Naliaka akamgusa kiwiko akamwambia, imerudi, endelea. Na Nekesa akaendelea, kwa sauti iliyopasuka, vibaya kama kawaida, na safari hii hakusahihishwa.

Juzi kwenye simu Naliaka aliniambia amekitazama na kile kipande cha getini. Muda wote ule mzee alikuwa anauliza kama punda wake kapita njia hiyo. Tukacheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Sasa ninakaa Rooty Hill, watoto wangu wananielewa nikisema Kiswahili lakini wananijibu Kiingereza, na kazini wapo wazee ambao bado wanatazama makauboi mchana, sauti juu. Nikipita na toroli ya chai husimama kidogo. Namshukuru yule mwigizaji, ambaye nadhani alishafariki, kwa kufungua mdomo wake na kutuachia nafasi ya kutia maneno yetu. Namshukuru kaka Shabani. Na Nekesa namshukuru kuliko wote, kwa sababu aliniona nikimchukulia nafasi yake kwenye kochi lake na hakunifukuza. Mimi ningekuwa yeye, ningenifukuza.

Siku ya Krismasi nilipika pilau, yeye akapika kuku, na firigisi hakuna aliyeigusa. Saa kumi jioni, huko Bungoma ni saa mbili asubuhi, tukaweka simu mezani kwa spika. Bibi akatusalimia mmoja mmoja, akauliza joto, akataja ng'ombe aliyezaa. Kisha akasema Krismasi imefika, na yeye alisema Krismasi, kwa hiyo anataka kusikia kutoka kwa mtoto mwenyewe: amwambie mjomba aende kumpokea? Nekesa alishika ukingo wa meza. Naliaka akauliza kwanza kama mahindi yamevunwa. Bibi akasema yamevunwa. Akauliza kama ndama ni jike. Ni jike. Akatazama vidole vyake muda mrefu.

"Mama," akasema, "nitakuja shule ikifungwa mwaka ujao. Kutembea tu."

Kule upande wa pili tukasikia jogoo tu, na mtu akikokota ndoo.

"Haya," bibi akasema mwishowe. "Ni sawa. Mpe mama yako simu."

Naliaka akainyanyua simu kwa mikono miwili, akampa Nekesa.